Inchi zangu, sentimita za Papa

Jumamosi iliyopita chama chetu cha kuchangiana pesa kilikutana Kangemi, hapa Nairobi, nyumbani kwa mweka hazina. Chai haijapoa, mama mmoja akaanza: hawa Wakongo wamejaa Kawangware, kila kona kinyozi wao, fundi wao, kanisa lao, na vijana wetu wamekaa tu. Wengine wakaitikia. Mimi nikamega mandazi, nikanyamaza. Wote pale wanajua ni nani anayekata nguo kwangu, na niliona macho yakinigeukia moja moja.

Naandika hapa nilichoshindwa kukisema pale. Hapa hakuna wa kunikatiza.

Nina karakana ya ushonaji karibu na steji ya 56, mwaka wa 19 sasa. Cherehani sita (tano zinashona, ya sita ni ya kung'olewa vipuri), ovaloku moja (mashine ya kufunga kingo za kitambaa), na meza ya kukatia niliyotengenezewa na seremala wa Ngong Road, nzito kiasi kwamba tulipohama mlango tuliilipia mkokoteni wake peke yake. Kuanzia Novemba mpaka Februari tunashona sare za shule. Miezi mingine ni vitenge: harusi, ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), akina mama wa kanisa. Na nina madaftari, la kila mwaka moja, jalada jeusi na mgongo mwekundu. Kila jioni naandika nguo zilizokatwa, zilizomalizika na zilizorudishwa. Mazoea hayo nilirithi kwa marehemu baba, aliyekuwa akipima miwa kwenye mizani. Nitamrudia.

Papa alikuja Machi 2016. Hatumwiti kwa jina lake, ni Papa tu, kama kwao Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanavyomwita mwanamume yeyote mwenye familia. Alisimama mlangoni na mkasi mmoja mkubwa, ameuviringisha kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Akasema, "Mama Patron, minatafuta kazi. Minajua kukata."

Nikamwambia hapa hatuna kazi ya kukata. Kwetu kila fundi alichukua vipimo vya mteja wake, akakata mwenyewe, akashona, akapiga pasi, akatia vifungo. Nguo ni yako mwanzo mwisho, na ikiharibika tunajua ni nani. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo Mzee, fundi wangu mkongwe kutoka Vihiga, alivyofundishwa kabla yangu. Lakini ilikuwa karibu na Pasaka, tuna magauni 14 ya akina mama wa kanisa moja, na kijana wangu mmoja alikuwa ametoroka na malipo ya kwanza ya mteja. Nikamwambia Papa aanze Jumatatu.

Siku ya nne nilitaka kumfukuza. Mikono ya yale magauni ilikuwa iwe mirefu, nimeandika 22 kwenye karatasi. Kwangu 22 ni inchi. Kwa mtu aliyesomea kushona Kongo, 22 ni sentimita. Akakata mikono inayoishia juu ya kiwiko, tena kwa ustadi, magauni manne kabla Mzee hajapita na kuuliza, "Hawa akina mama wanaenda kanisani ama wanaenda kufua?" Wawili walikubali tukaunganisha kitambaa cha rangi nyingine tukakiita fasheni. Wawili wengine walikataa katakata, nikanunua kitenge kipya kwa pesa zangu. Mtu akiniambia mgeni huleta faida siku ya kwanza, namfungulia daftari la Aprili 2016. Miezi mitatu ya kwanza tulirudi nyuma. Nguo zilizorudishwa ni nyingi kuliko mwaka wowote, na saa nyingi zilipotea tukielewana. Kiswahili chake na changu ni ndugu wa baba mmoja, mama tofauti. Mimi nasema "watu", yeye "batu". Nikimwambia kitu kiko "sawa" yeye anangoja nimalizie sentensi, sawa na nini?

Kisha kukawa na jambo la sabuni.

Sisi tulikuwa tukitoa patani kwenye karatasi ya kaki, tunaibana kwa pini, tunafuatisha. Papa hatumii karatasi. Anakunja kitenge mara nne, anakitazama muda mrefu, anachukua kipande cha sabuni kilichokauka, anachora mistari sita au saba, anakata. Kuangalia kule ndiyo kazi yenyewe. Kitenge kina picha, na picha ikiwa kubwa, mathalani ndege au feni, fundi mbaya atamkata ndege kichwa katikati ya kifua cha mtu. Ili kulikwepa hilo sisi tulikuwa tunakula kitambaa. Gauni refu tulilitolea yadi 4. Papa analitoa kwa yadi 3 na robo, ndege wote wazima. Pisi ya kitenge ni yadi 6. Ukipiga hesabu ya mwaka mzima utaona kwa nini niliacha kutaka kumfukuza. Na mabaki si matambara tena, ni kilemba, shati la mtoto, mkoba mdogo. Kabla yake hatukuwahi kuuza mkoba hata mmoja.

Lakini kitambaa hakikuwa kitu kikubwa zaidi. Kikubwa nilikigundua kwa bahati. Papa alikuwa akifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla joto la mabati, anakata za watu wote. Wengine wakifika wanakuta mafungu yamefungwa kwa ukanda wa kitambaa kilekile, kila fungu na uzi wake, zipu yake, vifungo vyake. Wanakaa, wanashona. Siku moja nilikaa kwenye kiti nikahesabu mara ngapi fundi wangu wa kike anainuka kwenye cherehani. Mara sita, mbili zikiwa za choo. Zamani alikuwa akiinuka kutafuta mkasi, kungoja meza, kukopa tepu, kubishana nani amechukua chaki, na akiinuka anapiga soga, na akirudi mguu umesahau mwendo wa kanyagio.

Mwaka 2015, kwa wastani, tulimaliza nguo 31 kwa wiki nje ya msimu wa sare. Mwaka 2018 zilikuwa 47, idadi ya mafundi ileile, watano tukimhesabu yeye. Nisidanganye: ovaloku niliinunua 2017, nayo ina sehemu yake humo, siwezi kuitenga. Lakini ovaloku haikuniambia nipange mafungu.

Na Mzee? Hapa ndipo watu hudhani siwezi kujitetea. Mzee alikuwa mkataji bora wangu. Alipoona mgeni amekalia meza alinuna wiki mbili nzima, akila chakula chake nje. Nilimwogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mwenye nyumba. Kisha siku moja mwalimu mkuu wa shule fulani alikuja kuulizia sare, na Papa akajaribu kumhudumia, wakashindwana. Mzee akainuka, akamsalimia yule mwalimu kwa Kiluhya, wakagundua wametoka tarafa moja, wakazungumza nusu saa kuhusu mahindi. Tulipata sare 160. Tangu hapo Mzee hakurudi kwenye mkasi. Anachukua vipimo, anaandika oda, anadai madeni, anajua ni mama gani ukimwambia "umenenepa" atacheka na yupi atahamia kwa fundi mwingine. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka hata hivyo. Leo analipwa zaidi kuliko alipokuwa anakata.

Binti ya dada yangu anasoma uchumi Chuo Kikuu cha Nairobi. Nilipomsimulia, akaruka. Akaniambia mwaka 2009 wachumi wawili, Giovanni Peri na Chad Sparber, waliandika habari hiyohiyo ya Marekani: wahamiaji wasio na elimu kubwa wakiingia kwenye kazi za mikono, wenyeji wa kiwango kilekile huelekea kazi za mdomo na mawasiliano, mahali ambapo lugha na kujuana vina bei. Nikamwambia, "Mwanangu, wangekuja kwa Mzee wangewaambia bure." Lakini moyoni nilifurahi. Ni vizuri kujua jambo lako lina jina huko duniani.

Yeye ndiye aliyeniambia pia neno tija. Mimi nilikuwa nikisema tu "kazi inatoka".

Sasa nifike kwa yule mama aliyeanza maneno pale chamani. Simtaji, lakini mwenyewe akisoma atajijua, na sina nia mbaya. Mumewe alikuwa fundi milango miwili kutoka kwangu. Alishona magauni ya kitenge ya bei ya chini, 700, mshono mmoja tu, kila mtu anaujua. Hakuwa mvivu. Mimi nilipoanza kuokoa yadi na kumaliza nguo 47, niliweza kuuza gauni zuri zaidi kwa 900, na mishahara bado inatoka. Kwa shilingi 200 tu wateja wake walivuka barabara. Mwaka 2019 alifunga. Sasa ni mwendesha boda boda. Kwa hiyo mkewe akisema "wamechukua kazi za watu wetu", hasemi kitu alichosikia redioni, anasema habari za nyumbani kwake. Ingawa ukweli mwingine ni kwamba aliyemchukulia wateja ni mimi, na mimi si Mkongo.

Mpwa wangu ana habari ya hilo nalo. Mwaka 1980 Fidel Castro aliruhusu watu waondoke kupitia bandari ya Mariel, na Wakuba kama 125,000 wakavuka kwenda Marekani kwa miezi michache, wengi wakabaki Miami. Nguvukazi ya mji ikapanda kwa asilimia 7 hivi. Mchumi David Card alipoandika juu yake mwaka 1990 alisema hakuona mishahara ya wenyeji ikianguka. Mwaka 2021 alipewa Nobel ya uchumi. Lakini mchumi mwingine, George Borjas, alirudia takwimu za Miami akawatazama peke yao wanaume ambao hawakumaliza sekondari, na mwaka 2017 akaandika kwamba ujira wao ulishuka sana. Wakazozana, na hawajaisha.

Mimi sijui Miami. Najua mtaa wangu, na hapa wote wawili wana mtu wao wa kumwonyesha. Mzee ni wa Card. Jirani yangu ni wa Borjas. Ukijumlisha nguo zote za mtaa, zimeongezeka. Ukiuliza nani alilipia mabadiliko, si mimi.

Halafu kuna wageni ambao sikuwahi kuwaajiri wala kujua majina yao, na bila wao karakana yangu ingekuwa na cherehani mbili. Nilipoanza, vitambaa tulinunua Biashara Street, mtaa ambao kabla ya uhuru uliitwa Bazaar Street. Wahindi waliletwa 1896 mpaka 1901 kujenga reli, kama 32,000. Wengi walirudi kwao, kama 6,700 wakabaki, wengine wakafuata kwa jahazi na meli na maduka yao. Mpaka leo vifungo vizuri na zipu ya chuma utazipata huko. Lakini saa kumi na moja wanafunga, na ukikosa pesa taslimu utatazama tu dirishani.

Isli, yaani Eastleigh, mtaa wa Wasomali hapa Nairobi, ikabadilisha hayo. Serikali ya Somalia ilipoanguka 1991, watu walikimbilia huku, na katika nyumba ya kulala wageni iliyoitwa Garissa Lodge wakaanza kuuza bidhaa vyumbani, zimepangwa kitandani mchana, usiku wanalala juu ya kitanda hichohicho. Vyumba vikawa vibanda, vibanda vikawa majengo ya ghorofa, na leo ukishuka First Avenue utasongamana na watu waliotoka Kampala na Mwanza kununua jumla. Kwangu maana yake ilikuwa hii: bitana kwa bei ya chini, naweza kununua saa mbili usiku baada ya kufunga, nachukua roli nusu badala ya roli zima, na yule mama wa Kisomali ananiandikia deni kwenye kitabu chake bila dhamana, kwa sababu tumejuana miaka 12. Pesa niliyokuwa naifungia kwenye kitambaa cha miezi mitatu niliinunulia cherehani ya nne. Hakuna aliyenihesabia hilo kuwa ni uhamiaji.

Nilihesabu mwenyewe Aprili 2014, wakati wa msako wa polisi dhidi ya wageni, hasa Wasomali, ulioitwa Usalama Watch, watu walipokuwa wakipelekwa uwanja wa Kasarani. Maduka mengi Isli yalishusha milango. Nilikuwa na harusi ya watu 8 na sina bitana. Nikainunua mjini kwa bei iliyonila faida yote.

Baba angetikisa kichwa. Yeye alitoka Busia akavuka mpaka, akafanya kazi Kakira, Uganda, kwenye miwa, miaka sita. Mwaka 1970 serikali ya Obote ikaamua vibarua wa Kenya warudi kwao, maelfu, na baba akarudi na godoro na redio. Miaka miwili baadaye Idi Amin akawapa Wahindi siku 90. Baba alikuwa akisimulia bila chuki, kwa sauti ya mtu wa mizani: kwanza waliondoa wakataji, halafu wakaondoa wenye kujua mtambo, halafu wakashangaa sukari imekwenda wapi. Uganda iliyokuwa na sukari ya kuuza nje ikawa nchi ya foleni na magendo. Mama yangu alikuwa akivusha sukari kutoka upande wetu kuwauzia walewale waliomfukuza mumewe, na baba alikuwa akicheka mpaka akohoe. Nilikulia kwenye hadithi hiyo, na bado kwa miaka mingi sikuona kwamba baba yangu alikuwa "hawa wageni" wa mtu fulani.

Niseme la mwisho la daftari, maana ndilo linaloniudhi kuliko maneno ya chama. Kuna safu niliyoianza 2017 yenye herufi K. K ni karatasi. Ni siku ambazo Papa hakukata kwa sababu alikuwa kwenye foleni: kuongeza muda wa kadi yake ya ukimbizi, barua ya hiki, picha za kile, afisa hayupo, rudi Alhamisi. Kuna mwaka K zilifika 23. Mwezi mzima wa kazi! Na siku ya K sio yeye tu. Mafundi wanne wanafika na hakuna mafungu, wanarudia kukata kila mtu yake, na jioni naandika nusu ya kawaida. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kufanya kazi Februari 2022, inasema mkimbizi ana haki ya kufanya kazi halali. Kibali chake kinaitwa daraja M. Nimeisoma hiyo sheria, ni sheria nzuri. Tumekwenda ofisi moja na Papa mara tano kwa ajili ya hiyo M, mimi mwenyewe nikiwa na barua ya mwajiri imepigwa muhuri. Mara ya tatu tuliambiwa faili halionekani. Mara ya nne faili lilionekana, lakini la mtu mwingine. Na askari wa doria jioni haulizi daraja, anauliza "una kitu kidogo?", na mwezi mbaya hiyo ni bei ya cherehani kufanyiwa huduma.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, tukashangilia kazini, tukanunua soda. Daftari halikubadilika.

Februari mwaka 2025, wiki ambayo waasi wa M23 waliingia Bukavu, Papa alikuja kazini kila siku. Nilimwambia akae nyumbani, akakataa, alitaka mikono iwe na kitu. Simu ilikuwa kwenye meza pembeni ya mkasi, imelala kifudifudi, na ikitetemeka anaigeuza. Dada yake alikuwa bado huko. Siku ya Ijumaa alikata yadi 6 za kitenge cha bei ghali, ndege wakubwa wa buluu, na kila ndege alikosa kichwa. Miaka tisa hajawahi. Aliviangalia vile vipande, akavikunja vizuri, akaviweka kwenye mfuko wangu wa mabaki, akasema, "Mama, unikate mushahara." Sikumkata. Nikaandika daftarini: yadi 6, na sikuweka herufi yoyote kwenye safu ya sababu.

Dada yake alifika Nairobi Juni na mtoto wa kiume wa miaka 19. Kijana hajui kushona hata kifungo. Papa aliniomba nimchukue, nami nilikuwa nimejiandaa kukataa, maana sare zinakaribia na sina nafasi ya mtu wa kufundishwa. Ni Mzee aliyesema, "Mwache akae na mimi pale mbele, macho yangu hayasomi tena vipimo." Sasa anakaa naye, anaandika oda. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wetu sote. Jana alimwandika mteja aitwaye Njeri, akaandika Ndjeri, na akina Njoroge wote kwenye ukurasa ni Ndjoroge. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kijana, hii d umeitoa wapi?"

"Ni vile tunaandikaka, Babu."

"Ifute. Na hiyo 22, ni inchi ama ni zile zenu?"